Barua ya wazi kwa uongozi wa ukumbi wetu wa sinema: mmeondoa marehemu, mkatuachia kicheko

Magomeni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,
Ndugu Meneja wa Maonyesho,
Na wajumbe wote wa kamati ya kuchagua filamu,

YAH: FILAMU ILIYOKATWA BILA WATAZAMAJI KUAMBIWA, NA MAONI YETU YALIYOKATWA PAMOJA NAYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, na huu ni mwaka wa tatu nakuja kwenye ukumbi wenu kila Jumamosi nikipata nafasi. Sikutaka kuandika hadharani. Nilitumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni. Nilikwenda dirishani kwenye tiketi mara mbili. Nilituma ujumbe kwa namba mliyobandika mlangoni. Jibu nililopata kila mara ni lile lile: maoni yako yamepokelewa, karibu tena. Nimesubiri wiki tano. Sasa naomba mnisikilize mbele ya watu.

Kwa wale ambao hawakuwepo, nieleze kwanza yaliyotokea.

Jumamosi ya kwanza mlionyesha Fargo, filamu ya mwaka 1996 ya ndugu wawili wa Marekani, Joel na Ethan Coen. Mlangoni mliandika "watu wazima tu", na mlizingatia. Muuza magari mmoja wa Minneapolis, Jerry, amebanwa na mambo ya fedha. Anawakodi majambazi wawili wamteke mkewe, Jean, ili baba mkwe ambaye ni tajiri atoe pesa ya kumkomboa. Majambazi anawaambia watadai dola 80,000 wagawane naye, huku baba mkwe anamwambia wanataka milioni 1. Mpango unaharibika usiku ule ule wa utekaji. Askari wa barabarani anapigwa risasi, kisha watu wawili waliokuwa wanapita na gari lao wanafukuzwa na kuuawa kwa sababu tu waliona. Anayelifuatilia jambo hili ni Marge, mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Brainerd, mwanamke mwenye mimba kubwa, anayeongea polepole na kupenda kula. Watu 7 wanakufa kabla filamu haijaisha. Na katikati ya yote hayo ukumbi mzima unacheka.

Taa zilipowashwa hatukuondoka. Hilo ndilo ninalotaka mlikumbuke. Mzee mmoja wa safu ya mbele alisema hii si picha, hii ni bucha, na kwamba hakulipa tiketi aje kuona mguu wa mtu ukisukumwa kwenye mashine ya kusaga matawi. Kijana mmoja wa chuo alisema filamu inawadhihaki watu wa mikoani kwa lafudhi yao, ni kama mtu aje kutoka mbali atengeneze picha ya kuwacheka Wasukuma wanavyoongea. Dada aliyekaa nyuma yangu akamjibu kwamba huyo huyo mwenye lafudhi ya shamba ndiye aliyewakamata wajanja wote. Mama mwingine alisema tangu aanze kutazama picha hajawahi kuona steringi anayeshikwa na kichefuchefu cha mimba pembeni ya maiti, kikapita, akasema ana njaa, akaendelea na kazi. Tulibishana karibu saa nzima. Mlinzi wenu alikuja kutukumbusha kwamba anataka kufunga, na hata yeye alisimama kidogo kusikiliza.

Mimi siongei vizuri mbele ya watu, kwa hiyo niliandika. Karatasi niliipiga picha kabla ya kuitumbukiza, na hivi ndivyo ilivyosema ("yule mama" ni Jean, mke aliyetekwa): "Nimecheka sana, halafu nikaona aibu. Yule mama alipokimbia kwenye theluji amefunikwa uso, jambazi alicheka, na mimi nilicheka pamoja naye. Nilipomwona amelala sakafuni nikamkumbuka shemeji yangu. Asanteni kwa kutoficha."

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa dereva wa bodaboda. Alichukua abiria usiku na hakurudi. Waliomuua walitaka pikipiki, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, bado alikuwa anadaiwa. Katika filamu hii, jambazi mmoja anamuua mwenzake kwa shoka kwa sababu wamegombania gari. Pesa ipo, wangeweza kugawana, lakini wanagombania gari. Sikuwahi kuona picha iliyonionyesha hivyo jinsi mtu anavyokufa kwa kitu kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilikuta bango jipya: "KICHEKESHO CHA MAJAMBAZI! KISA CHA KWELI! WATOTO NUSU BEI." Chini yake mmeandika "Watazamaji wanasema", na maneno ya kwanza kabisa ni haya: "Nimecheka sana!"

Hayo ni maneno yangu. Nikanunua tiketi, nikaingia tena. Sasa niwaeleze malalamiko yangu.

1. Mliikata filamu na hamkumwambia mtu yeyote.

Filamu hii ina dakika 98. Jumamosi ya pili nilitazama saa taa zilipozimwa na nilitazama tena zilipowashwa: dakika 79. Askari wa barabarani anasimamisha gari, na papo hapo ni asubuhi. Wale wawili waliopita njia hawapo kabisa. Baba mkwe anakwenda na begi la pesa kwenye maegesho ya ghorofani, na hatumwoni tena. Marge analiona gari analolitafuta, na mara ile ile jambazi ameshakaa kiti cha nyuma cha gari la polisi, hatujui amefikaje. Nilihesabu waliokufa machoni petu. Kati ya wale 7 hakubaki hata mmoja.

Lakini mlichobakiza ndicho kinachoniuma zaidi. Mlibakiza Jean akijifunga kwenye pazia la bafuni na kuanguka ngazini. Mlibakiza Jean akikimbia na kujikwaa kwenye theluji, mikono imefungwa, uso umefunikwa, na jambazi akimcheka. Kisha mkaondoa sehemu ambapo mwenzake anarudi na kumkuta amelala sakafuni jikoni, amekufa, na muuaji ametulia anatazama televisheni. Kwenye filamu yenu Jean anakimbia, anachekwa, anatoweka. Nyuma yangu mtoto mmoja alimuuliza mama yake, "Yule mama alirudi nyumbani?" Mama yake hakuwa na jibu, na angelipata wapi?

Tulipotoka, nje pale kwenye ngazi zenu, watoto wanne walikuwa wanacheza. Mmoja alikuwa amevuta fulana yake ikamfunika kichwa, anakimbia, anajigonga ukutani, na wenzake wanacheka. Wakawa wanapokezana. Siwalaumu watoto hao. Waliigiza kile walichoonyeshwa, na mlichowaonyesha ni kwamba mwanamke aliyetekwa ni kitu cha kuchekesha, basi.

Kwetu kucheka mbele ya kifo si jambo geni, na ndiyo sababu Jumamosi ya kwanza watu waliielewa filamu hii bila kufundishwa. Sote tumewaona watani msibani. Kwenye mazishi ya mjomba wangu mtani wetu alijilaza kaburini, akasema hatoki mpaka alipwe, na wafiwa waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao usoni. Kilichokifanya kicheko kile kiwe halali ni kwamba jeneza lilikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwake, na kila mtu analiona. Mtani anacheka kwa niaba ya watu ambao wameshalia. Liondoe jeneza pale, umwache yule bwana peke yake kwenye shimo akipiga kelele, halafu waite watoto waje kumtazama. Hivyo ndivyo mlivyoifanyia filamu hii. Mlidhani mnapunguza ukatili, kumbe mmeondoa huzuni, na ukatili wote mmeuacha.

2. Mliyakata maoni yangu.

Niliandika sentensi nne na mkabandika maneno mawili. Mkaongeza na alama ya mshangao ambayo sikuiweka. Aibu yangu mliitoa, shemeji yangu mkamtoa, kwa namna ile ile mliyomtoa Jean. Kisha maneno hayo mawili mkayatumia kuwavuta watu na watoto wao kuja kuona kitu ambacho mimi nisingemshauri mtoto yeyote akione.

Sikuwa peke yangu. Ubao wenu ulikuwa na karatasi tisa, na zote zilikuwa sifa. Ya yule mzee haikuwepo. Sikubaliani naye, nadhani alikosea kuhusu ile mashine, maana kamera haikai pale kujifurahisha. Lakini alilipa kama mimi, alikaa mpaka mwisho, na alisema kwa adabu kilichomchukiza. Karatasi yake ingekuwa ubaoni, mzazi aliyefika na mtoto angeisoma na angejua la kufanya. Kama sanduku lile mmeliweka kwa ajili ya kuokota maneno ya bango, basi liandikeni hivyo.

3. Mtafsiri.

Naomba nieleweke, sina ugomvi na watafsiri wa filamu. Nimekulia kwenye vibanda umiza. Nilimsikiliza Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, nikiwa binti mdogo, na najua mtafsiri hodari anavyoweza kuiongezea picha uhai. Jumamosi ya kwanza hamkuwa na mtafsiri, na wengi walipata shida, kwa hiyo kuleta mtafsiri lilikuwa wazo zuri.

Ila karibu na mwisho kuna sehemu ambapo Marge anaendesha gari na muuaji amekaa nyuma, kimya. Anawataja marehemu mmoja mmoja: yule wa sakafuni ni mke wa Jerry, yule wa kwenye mashine bila shaka ni mwenzako, na wale watatu wa Brainerd. Anamwambia yote hayo yamefanyika kwa pesa kidogo tu, na kwamba maisha yana mengine zaidi ya pesa. Kisha anasema haelewi. Ni sehemu tulivu kuliko zote, na ndiyo iliyoninyamazisha mara ya kwanza. Mara ya pili mtafsiri wenu alisema, "Dada amechoka huyu, anawaza ugali nyumbani." Ukumbi ukacheka. Simlaumu sana, kwa sababu angefanya nini? Marge alikuwa anataja maiti ambazo mlishazifuta. Maneno yake hayakuwa na pa kushika tena.

4. "Kisa cha kweli."

Filamu inaanza na maandishi yanayosema ni kisa cha kweli. Si kweli, ni mchezo wa watengenezaji wenyewe, na majina yanapopita mwishoni imeandikwa kwamba wahusika ni wa kubuni. Kumwachia mtazamaji agundue mwenyewe ni sawa. Kuandika kwenye bango kwa herufi kubwa ili kuuza tiketi si sawa, hasa mkiwa mmekata mwisho ambao ungemwambia ukweli.

Sasa najua baadhi ya majibu yenu, kwa sababu nimeshayasikia dirishani.

Mtasema ni sheria, kwamba kuna Bodi ya Filamu na kuna Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Ndiyo, ipo, na sipingi kazi ya Bodi kukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja. Kama kulikuwa na agizo la kukata, libandikeni mlangoni tulisome. Lakini Jumamosi ya kwanza mliionyesha nzima, na kijana wenu wa tiketi aliniambia mwenyewe kwamba mlikaa na kompyuta katikati ya wiki mkaikata "ili familia zije". Na kupanga madaraja maana yake ni kwamba filamu ya watu wazima inabaki kuwa ya watu wazima. Hata ukiichuna damu yote, hii si filamu ya watoto.

Mtasema watazamaji walilalamika, na mliwasikiliza. Aliyelalamika ni yule mzee, na mzee hakuomba filamu ikatwe. Aliuliza kwa nini hakuonywa vizuri. Nilikuwepo. Alitaka mlangoni kuandikwe kuna nini ndani, ili aamue kama anaingia au anarudi nyumbani. Onyo lingewagharimu karatasi moja na kalamu.

Mtasema biashara ni ngumu. Hili nalikubali kwa moyo wote. Najua kodi, najua umeme unavyokatika, najua watu wanatazama filamu kwenye simu zao wakiwa kitandani. Nami nina duka dogo na najua siku bila mteja inavyokuwa ndefu. Lakini mteja akiniletea kitambaa cha gauni, siwezi kukikata sketi kwa sababu sketi zinauzika wiki hii, halafu nimwambie hilo ndilo gauni lake. Atalipa siku hiyo kwa sababu nimemshika, na hatarudi. Wale tuliobaki kubishana Jumamosi ya kwanza, wangapi mmewaona tangu siku hiyo? Mimi nawatafuta kila wiki na siwaoni.

Na kuna jibu moja nililopewa na mmoja wenu ambalo nilirudi nalo nyumbani likanisumbua usiku. Aliniambia, "Dada, hii filamu ni ya Wazungu wanaopenda sinema, watu wetu wanataka kucheka tu." Watu wetu ni akina nani? Mji huu ulikuwa na kumbi kama Avalon na Empire, na watu walikaa saa tatu kwenye picha ya Kihindi wakilia na kucheka kwa zamu. Mama yangu alikuwa akitusimulia Drive-In ya Msasani, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, pale palipo na ubalozi wa Marekani leo, na alisimulia picha mpaka tukajua nani alimsaliti nani, ingawa hatukuziona. Anayesema watu wa Dar es Salaam hawawezi kubeba kicheko na msiba kwa wakati mmoja hajawahi kukaa kwenye msiba wa Dar es Salaam. Frances McDormand alipata tuzo ya Oscar mwaka 1997 kwa kumwigiza Marge, lakini yule mama wa ukumbini aliyesema habari ya kichefuchefu hakuhitaji kuambiwa habari ya tuzo ili aone kwamba kilicho mbele yake ni kitu cha maana.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, onyesheni Fargo tena, nzima, dakika zote 98, kwa watu wazima peke yao, na mlangoni muandike kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba ina mauaji, shoka, na maiti. Kama hamtaki kuionyesha nzima, basi msiionyeshe. Hilo nitalielewa.

Pili, siku mkikata filamu yoyote, kwa agizo au kwa hiari yenu, andikeni kwenye bango na kwenye tiketi kwamba imekatwa, na dakika ngapi.

Tatu, karatasi za maoni zibandikwe zilivyo, za sifa na za lawama, au zisibandikwe kabisa. Msichukue neno la mtu kwenye tangazo bila kumuuliza. Karatasi yangu naomba mnirudishie. Ile ya yule mzee, naomba muitafute, na akija mumwombe radhi.

Nne, baada ya filamu kama hii tuachieni ukumbi kwa nusu saa, taa zikiwa zimewashwa. Hatutahitaji kipaza sauti wala mgeni rasmi. Mlinzi anaweza kukaa nasi.

Sijaandika jina la ukumbi wenu kwenye barua hii, na sitaliandika. Nataka mrekebishe, sitaki mfunge. Jumamosi ijayo nitakuja saa 11 na nusu jioni, kabla ya onyesho, nitasimama karibu na sanduku la maoni. Nitakuwa na picha ya karatasi yangu kwenye simu. Yeyote kati yenu atakayetaka kuongea nami atanikuta pale.

Nawasilisha.

Mtazamaji wenu,
Fundi cherehani wa Magomeni